Picha Arobaini za Pete Moja

Wifi yangu hakuwahi kumpa mteja picha yenye ukungu. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi mawifi hatujulikani kwa kusifiana, na nikimsifu mke wa kaka yangu, ujue imenibidi. Miaka yote aliyokuwa na studio, picha ikitoka haiko wazi aliifuta mwenyewe na kumwita mteja arudi, hata kama mteja alikuwa ameshairidhia. Alikuwa akisema kwamba kumpa mtu sura yake ikiwa na ukungu ni kumkosea adabu. Watu wakamwita Mama Picha, jina likamganda.

Kaka yangu yeye ni fundi cherehani. Walikutana pale pale studio, kaka alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho akafumba macho. Ikarudiwa, akafumba tena. Akaambiwa aje kesho, akaja kesho na shati jipya, akafumba. Alirudi mara nyingi mpaka mimi nikashuku kwamba macho yale yalikuwa yanafumbwa kwa makusudi. Kaka anakana hadi leo, na wifi huwa anacheka tu wala hasemi kitu. Walipooana walipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao: chumba cha mbele kikawa studio, cha nyuma kikawa cha cherehani. Mimi nilihamia nao kusaidia kazi ya mkono, kutia vifungo na kupindia mapindo, na kusikiliza mambo yasiyonihusu.

Kazi ilikwenda vizuri. Wifi alipiga harusi, alipiga mahafali, alipiga watoto wachanga waliokataa kucheka mpaka awatikisie funguo. Alikuwa na mkono mtulivu ajabu. Nilimwona siku moja amesimama juu ya kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, ameinama kumpiga bibi harusi kutoka juu, na kamera haikuyumba hata chembe. Kiti ndicho kilichokuwa kinaomba dua.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka.

Mwanzoni ilikuwa kidogo, kikombe kugonga kisahani. Wifi akasema ni uchovu. Baadaye kwenye harusi moja alipiga picha za pete kuvalishwa, na alipozifungua kwenye kompyuta zote zilikuwa na ukungu. Hakulia. Alizikagua moja moja mpaka chai yake ikapoa, halafu akampigia bibi harusi simu na kumwomba radhi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Daktari alimwambia kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka unaowapata watu wa ukoo mmoja. Hauui, wala hauponi. Dawa zingeupunguza, lakini mikono ya zamani asiitegemee kurudi.

Haya niliyajua kwa sababu niliisoma sura yake alipotoka kwa daktari, nikambana mpaka akasema. Kwa kaka alisema tu kwamba ameambiwa apumzike. Akaacha harusi. Akabaki na picha za vitambulisho, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Mikono yake akawa anaificha mifukoni mwa aproni, au anaikalia. Kaka naye akajitia hamnazo. Watu wawili wanaopendana, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua, na mimi katikati nimeshika sindano, nikitamani kumdunga mmoja wao.

Ndipo alipokuja sonara mmoja.

Alikuwa mzee mwembamba, mtaratibu, ana duka dogo mtaa wa pili. Alitoa kwenye kitambaa pete moja yenye ua la nyuzi nyembamba za dhahabu, petali ndani ya petali, na katikati kijiwe chekundu kidogo kuliko punje ya mtama. Alitaka picha za kazi zake zote azitume kwa wateja wa mbali.

"Nimeshapiga kwa simu," alisema. "Kijiwe kikionekana, ua halionekani. Ua likionekana, kijiwe kinapotea. Mtu ataagizaje kitu asichokiona?"

"Ni kwa sababu ya ukaribu, mzee," wifi akamjibu. "Ukikikaribia sana kitu kidogo, kamera inaona vizuri pale tu ulipoweka fokasi, unene wa ukucha. Mbele yake na nyuma yake ukungu mtupu."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

Wifi aliitazama ile pete. Nilimwona anataka kusema haiwezekani, na nikamwona anashindwa kusema. "Niachie niijaribu," alisema.

Siku zilizofuata aliangalia video za mtandaoni mpaka macho yakamwiva. Akanieleza wakati wa chakula cha usiku, na kwa kuwa anaishi na watu wa cherehani alinieleza kwa lugha ya nyumba. Unapiga picha nyingi za kitu kile kile bila kukisogeza. Ya kwanza fokasi iko kwenye ncha ya mbele kabisa, ya pili ndani kidogo, ya tatu ndani zaidi, hivyo hivyo hadi nyuma. Kila picha ina ukanda mwembamba tu ulio safi. Kisha programu ya kompyuta inakata ule ukanda safi kutoka kila picha na kuziunganisha zote ziwe picha moja, iliyo wazi kutoka mbele hadi nyuma.

"Kama nguo ya viraka," nikamwambia.

"Ya viraka ambavyo mshono wake hauonekani. Na kinachonifurahisha, wifi," alisema, na hapo akatoa mikono juu ya meza kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, "kamera huishiki. Iko kwenye stendi, juu ya kireli chenye skrubu. Unazungusha skrubu kidogo, unaondoa mkono, unasubiri, kamera inapiga yenyewe. Mikono yangu itetemeke inavyotaka."

Nilimwona ana matumaini na nikaogopa. Mimi ndivyo nilivyo, mtu wangu akifurahi sana huanza kutafuta pa kumdaka akianguka.

Picha ya kwanza ilipounganishwa, ilikuwa na kingo mbilimbili. Kila petali ilikuwa na kivuli chake pembeni, kana kwamba pete imelewa. Akarudia. Ya pili vile vile. Akakaza skrubu za stendi, akaweka mfuko wa mchanga chini yake, akaongeza muda wa kusubiri baada ya kuondoa mkono. Ya tatu nusu yake ilikuwa safi mpaka nikapiga kigelegele, nusu iliyobaki takataka. Wiki nzima ikapita hivyo, na nyingine.

Na sisi kule chumba cha nyuma tulikuwa tunamhurumia. Kaka aliweka sheria: wifi akifunga mlango wa studio, hakuna kumchungulia, hakuna kumwita, hakuna kupita. "Tumwache afanye kazi yake," alininong'oneza. "Akihisi tunamsikiliza ataona haya, na akiona haya ndiyo mikono inazidi." Ndivyo nilivyojua kwamba kaka alikuwa anajua siku zote. Mlango wa studio ukifungwa tu, kaka alikaa kwenye ile cherehani kubwa ya mota na kushona kwa kasi yake yote, ili mkewe asikie kwamba tuko kazini na hatumfuatilii. Alishona kwa mapenzi, masikini. Tulikuwa na oda ya suruali za wafanyakazi wa kiwanda, na sijawahi kuona suruali zikiisha haraka namna ile.

Alhamisi wifi alitoka studio akaketi kati yetu. Akasema kwa utulivu ulionitisha kwamba amezungumza na jamaa wa ghorofa ya chini anayechapisha mabango. Jamaa atakuja Jumamosi asubuhi kununua kamera, lenzi, taa na stendi, vyote kwa pamoja.

"Kwa nini?" kaka akauliza.

"Kwa sababu nimechoka kujidanganya. Nikizungusha ile skrubu, mtetemeko unabaki kwenye kamera hata nikiondoa mkono. Nimejaribu kila njia. Mimi si mpigapicha tena, baba. Nitakusaidia kukata vitambaa."

"Mikono yako..." kaka alianza.

"Mikono yangu imechoka," akamkata. Akaingia chumbani.

Kaka alibaki amelikodolea macho fundo la uzi kana kwamba lina jibu. Mimi nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumpa. Kukata vitambaa! Mwanamke yule akiwa na mkasi kiunoni angetabasamu mbele za watu na kunyauka ndani kwa ndani, na sisi tungekula naye kila siku tukijifanya hatuoni.

Ijumaa nilimpelekea chai studio. Alikuwa ameiunganisha kamera na kompyuta, anazifuta picha zake ili aikabidhi ikiwa tupu. Kioo kizima kilijaa vipicha vya pete, safu kwa safu, arobaini za jaribio la mwisho.

"Subiri," nikasema. "Zipi ndizo mbaya?"

"Unataka nini nazo?"

"Nionyeshe tu."

Alinionyesha kwa kidole, nacho kikitetemeka. Picha za mwanzo nzuri. Halafu mbaya, mbaya, mbaya, mfululizo mrefu. Halafu chache nzuri. Halafu mbaya tena, mfululizo mrefu sawasawa na ule wa kwanza. Nzuri kidogo. Kisha mbaya fupi, nzuri, mbaya fupi.

Sijui niseme vipi ili usione nina wazimu. Mguu wangu wa kulia ulianza kubonyeza sakafu wenyewe. Mrefu, pumzi, mrefu, pumzi, mfupi, mfupi. Mguu ulijua kabla ya kichwa.

"Wifi, usifute!" nikapiga kelele. "Kaka! Kaka, njoo hapa!"

Kaka alikuja mbio na pini mdomoni, akidhani kuna moto. Nikamsimamisha mbele ya kompyuta. "Soma hizi. Mbaya ndiyo mashine inakwenda, nzuri ndiyo umeinua mguu. Unaona nini?"

Akazisoma taratibu, kidole hewani. Akatoa pini moja moja mdomoni. Uso ukambadilika.

"Hii ni suruali," alisema. "Mshono wa mguu huu. Nimegeuza. Mshono wa mguu wa pili. Hapa nimekata uzi. Hizi fupi mbili ni mifuko."

"Mnasema nini nyie?" wifi akauliza.

Kaka alikimbia chumba cha nyuma. Mimi nikawasha kamera, nikamwambia wifi akuze ile pete kwenye kioo chake kwa kadiri inavyowezekana, kisha aweke mikono kwapani na asiguse chochote. Pete ikajaa kioo, imetulia tuli. Kule nyuma mota ikanguruma. Pale pale pete ikaanza kutikisika, petali zote pamoja, kutikisika kudogo kwa haraka ambako macho ya kawaida yasingeweza kukuona. Mota ikanyamaza. Pete ikatulia. Ikanguruma. Ikatikisika. Mbao za sakafu zilikuwa zinapita chini ya ukuta kutoka chumba hadi chumba, na sisi tulikuwa tumeishi juu ya mtikisiko ule muda mrefu mno mpaka miguu yetu haikuusikia tena. Picha za watu mle studio alizipiga kwa taa ya mwako, ile flashi, ambayo haimpi mtu nafasi ya kutikisika. Kwa pete alitumia taa laini na kamera ikawa inafumbua jicho kwa muda mrefu, na kila kitu kikaingia.

Wifi aliitazama pete ikitikisika huku mikono yake ikiwa kwapani.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe."

"Si mikono yangu." Akaanza kulia, kulia kwa nguvu kwa mtu aliyekuwa amebeba kitu kwa muda mrefu. Mimi pia nikalia, sioni aibu kusema. Kaka alipotokea mlangoni akiuliza vipi, vipi, wifi alimrushia mto wa kiti.

"Majuma mawili! Majuma mawili unanitikisia nyumba!"

"Nilikuwa nakuachia nafasi!" kaka akasema, ameukumbatia mto. "Nilitaka usihisi tunakusikiliza! Kila ukifunga mlango nilikuwa nashona kwa nguvu zaidi!"

"Kwa nguvu zaidi!" wifi akarudia, na kilio kikageuka kicheko, na kicheko kikarudi kilio, mpaka ikabidi nimnyweshe ile chai mwenyewe.

Jumamosi asubuhi mota haikuwashwa. Wifi alisafisha pete kwa brashi laini, akaipandisha kwenye kipande cha nta, akaweka karatasi nyeupe kuizunguka ili mwanga uwe mpole. Safari hii mlango ulibaki wazi. Kaka alisimama kwenye kizingiti, miguu imebanana, amepigwa marufuku hata kujikuna. Mimi nilikaa juu ya meza ya kukatia, miguu hewani. Wifi alizungusha skrubu. Mkono wake ulitetemeka, nasi tuliutazama waziwazi ukitetemeka. Akauondoa, akasubiri. Kamera ikalia. Akazungusha tena.

Tulikuwa tumefika katikati ya ua tuliposikia buti ngazini. Jamaa wa mabango ni mtu wa mwili, na ngazi zile zinamtangaza tangu chini.

"Hodi! Nimekuja kwa ile—"

"Simama hapo hapo!" tukapiga kelele watatu kwa pamoja. Buti zikakoma. Kutoka pale mezani nilichungulia dirisha la ngazini nikamwona amesimama mguu mmoja juu, mmoja chini, mikono imeshika ukuta, mtu mzima na mfuko wake mkubwa wa kubebea vyombo.

"Kuna nini, dada?" akaninong'oneza.

"Usihame hata ukucha," nikamnong'oneza. "Tafadhali, ndugu yangu."

Sijui alidhani kuna nini, nyoka au maiti, lakini alitii, Mungu amjalie. Wifi alipiga picha zilizobaki, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akazihamishia kwenye kompyuta. Programu ikaanza kuunganisha, na picha ikawa inajitengeneza mbele yetu, ukanda kwa ukanda: kwanza ncha ya petali ya mbele, kisha nyuzi za dhahabu zilizosokotwa, kisha kijiwe chekundu, kisha petali za nyuma, na mwisho duara la pete yenyewe. Hakukuwa na ukungu popote. Hakukuwa na kingo mbili. Ungeweza kuona jinsi yule mzee alivyosokota uzi juu ya uzi, na mahali alipopitisha tupa mara moja tu akaacha.

Kaka akamshika mkewe bega.

Wifi hakugeuka. Alikuwa anaitazama picha. "Mikono haitapona," alisema. "Daktari alinieleza tangu mwanzo. Sikukwambia."

"Najua."

"Itazidi kutetemeka."

"Najua, mke wangu. Asubuhi nitakuwa napindia kwa mkono, mashine itasubiri mchana. Nimeshapanga."

Wifi akaitoa pete kwenye nta, akaigeuza upande wa pili, akaipandisha upya, akashika skrubu. "Wifi," akaniambia, "kamwambie yule bwana."

Nilishuka mezani kwa ncha za vidole, nikaenda ngazini. Jamaa alikuwa bado mguu juu, mguu chini, jasho likimtiririka.

"Vipi, nichukue mzigo?" akanong'ona.

Nilikuwa na furaha mpaka nikamshika mkono, mtu ambaye hata jina lake silijui. Nikamwambia hakuna kinachouzwa hapa, anisamehe kwa usumbufu, na ateremke polepole sana, kwa sababu wifi yangu yuko kazini.